Kufua kisu chako cha kwanza kwa springi ya gari, hatua kwa hatua

Assalamu alaykum. Nnaandika hii kwa sababu masuala ni yale yale kila wiki, chuma gani nitumie, nondo inafaa au haifai, nichovye mafuta gani, mbona changu kimepasuka, mbona kinapinda kama bati. Bora niandike yote pahala pamoja, mtu akiuliza nimpe asome halafu tuzungumze yaliobaki.

Karibu wote wanaonijia wanaanza na mpini. Huyu anataka mpingo kutoka bara, yule ana picha ya kisu chenye mawimbi mawimbi kwenye bapa anataka kama kile kile. Vizuri, utafika huko. Lakini yakhe, kisu chenye mpini wa kupendeza ambacho hakikupata moto wake sawasawa, atakaekinunua atakata nyanya mbili tatu kisha kitakaa kabatini mpaka kioze. Na chenye mpini wa mpera tu uliochongwa ukumbini, kama moto wake umekwenda vizuri, utamkuta bibi anapaa samaki nacho mpaka bapa limekuwa jembamba kama ufito kwa kunolewa. Kwa hiyo usishangae hapa chini nikikaa sana kwenye moto na kwenye mpini nikapita mbio.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujawasha chochote

Chuma: springi bapa, ile ya majani majani inayokaa chini ya gari upande wa nyuma. Gari zetu nyingi ni za Kijapani na springi zao ni chuma chenye kaboni karibu asilimia 0.5 mpaka 0.6 na kromu kidogo, kinasamehe makosa, kwa anaeanza sijaona bora yake. Kama uko Unguja nenda gereji yoyote Mwanakwerekwe, au kama uko Pemba waulize mafundi wa Chake, vipande havikosi. Chagua jani jembamba, milimita 6 hadi 8, la lori litakutoa jasho bure. Na ukiweza usichukue lililovunjika, kwa sababu pale lilipovunjika pengine kuna nyufa nyengine ndogo huzioni na zitajionesha siku ya kukichovya kwenye mafuta ili kikaze, kazi yote ishakwisha.

Jiko: rimu ya zamani ya gari, lipakwe ndani udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu, na bomba la chuma liingie chini kupeleka upepo. Bomba lisiwe lile la maji lililopakwa zinki, zinki likipata moto linatoa moshi mweupe unaoumiza mapafu na mtu anaweza kulala na homa kali. Hili nalisema kwa mkazo, usichome kitu chochote chenye zinki.

Na jengine la kwetu sisi hasa: usijengee jiko kwa mawe ya matumbawe. Najua ndio yaliojaa kila uwanja. Lakini jiwe lile ndilo hilo hilo linalochomwa kwenye tanuu likawa chokaa, na likiwa na unyevu ndani linaweza kupasuka na kurusha vipande usoni mwako. Sakafu ya saruji vile vile, usiangushe chuma chekundu juu yake, tandika mchanga.

Upepo: mivuo ya kizamani kama unayo, au feni ya kuzungusha kwa mkono, au drai ya nywele. Mie napenda ya mkono. Anaekumbuka ule mwisho wa 2009 mpaka 2010 Unguja tulipokaa miezi mitatu bila ya umeme atanielewa, na pia ya mkono inakufundisha kupunguza na kuzidisha.

Makaa: makaa ya vifuu vya nazi ni mazuri sana, yavunje yawe saizi ya kungumanga. Makaa ya miti ya kawaida pia sawa. Ya mikandaa usinunue, ile miti ndiyo inayotushikia fukwe.

Fuawe, yaani chuma cha kufulia juu yake: fuawe la kweli ni ghali na ni shida kulipata. Kichwa cha nyundo kubwa ya kilo 6 au zaidi, kikizamishwa kwenye gogo la mwembe uso wake ukakaa juu sawasawa, kinatosha kabisa kwa kisu. Kipande cha shafti ya lori pia kizuri. Muhimu kisicheze.

Mengine: nyundo ya kilo 1 hivi, koleo la mkono mrefu linaloshika vizuri, msumeno wa chuma au grenda, tupa mbili (ya kukwaruza na ya kulainisha), drili na jiliwa (kile kibanio cha mezani), sumaku (ng'oa kwenye spika mbovu), msasa wa namba 80, 120, 240 na 400, mafuta ya kupikia lita 4 au 5 ndani ya chombo cha chuma chenye mfuniko, na oveni ya jikoni ya kuomba kwa masaa matatu manne. Ndoo ya mchanga kando. Miwani ya fundi kila wakati, viatu vya kufunika, nguo za pamba. Jezi usivae, ile ikipata cheche inayeyuka na kuganda kwenye ngozi.

Hatua

1. Amua kisu cha nini na cha mkono wa nani.

Cha mwanzo kiwe kidogo, bapa la sentimita 12 hadi 15, cha jikoni. Panga na jambia waachie siku za mbele. Kama ni oda ya mtu muulize anakata nini na anakatia wapi, kisha mwambie aweke kiganja juu ya karatasi umchore, mpini uzidi upana wa kiganja chake kama sentimita 2. Anaepaa samaki kama changu na tasi anataka bapa jembamba lenye ncha. Wa kuchinja anataka kirefu kupita upana wa shingo ya mnyama, na hapa makali sio suala la kuringia, tumeamrishwa tukinoe kisu na tumpunguzie mnyama taabu, kwa hiyo oda za Iddi ya Mfungo Tatu zifanye kwa amana, usimpe mtu kisu hujakijaribu. Kata umbo kwenye boksi gumu, lishike mkononi, lirekebishe mpaka uridhike.

2. Kijaribu chuma.

Hata kama muuzaji ameapa. Kata kipande kidogo kama kidole, kitie kwenye moto mpaka kiwe chekundu na sumaku isikikamate tena, kichovye kwenye mafuta, kikipoa kibane kwenye jiliwa ukipige nyundo. Kikikatika pu! na ndani rangi ya kijivu laini kama unga, hicho ndicho. Kikipinda tu, tafuta chengine. Nondo ndio itakavyokufanyia, itapinda, kwa hiyo suala la nondo limekwisha hapa. Ukiwa na grenda tizama cheche pia, za chuma cha kisu zinachanua matawi kama fataki, za nondo zinatoka mistari mirefu iliyonyooka na machipukizi machache.

3. Kata ufito na uwashe moto.

Kata ufito wa upana wa sentimita 3 na urefu wa 25. Springi imejikunja kidogo, usiipige nyundo baridi, utainyoosha ikiwa nyekundu. Fanya kazi kivulini, na hili wengi hawalitilii maanani, jua letu la saa sita linakuficha rangi ya chuma, unadhani bado kumbe kishapita. Chini ya banda lenye kiza kiza ndio pahala pake.

Rangi zijue hivi. Damu ya mzee, ule wekundu uliofifia, acha kupiga rudisha motoni. Rangi ya chungwa lililoiva, piga. Manjano ya embe dodo, ndio mwisho wa kuruhusiwa. Kikianza kuwa cheupe na kurusha vinyota, chuma kinaungua, sehemu hiyo ikate utupe, hakuna dawa yake.

4. Fua umbo.

Anza na ncha. Piga kwenye pembe ya ufito, sio ubavuni, mpaka ncha itokeze, na ukiona pembeni panajikunja kama mdomo palainishe mara moja kabla hapajajifunika, mkunjo ukifunikwa unakuwa ufa. Kisha vuta msuka, ule mkia wa kisu unaokaa ndani ya mpini, mimi kwa anaeanza nashauri msuka mpana wa kufikia mwisho wa mpini, ni rahisi na una nguvu kuliko ule mwembamba wa kuchomeka.

Halafu upande wa makali. Hapa kuna jambo linawashangaza wote: ukipiga makali yanatanuka, yakitanuka kisu kinajipinda kuelekea mgongoni. Kwa hiyo kabla ya kuanza kipinde kwa makusudi upande wa makali, kama ndizi, ukimaliza kufua kitakuwa kimejinyoosha wenyewe. Piga pande zote mbili sawa sawa, mara nne huku mara nne huku, ukipiga upande mmoja tu kitageuka kama utepe. Makali usiyafue mpaka yakawa membamba, yaache milimita 3, unene utautoa kwa tupa.

Usikimbilie. Kuingiza motoni mara 20 kwa kisu cha kwanza ni kawaida kabisa.

5. Kipumzishe chuma.

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Kupiga kote kule kumekiacha chuma na mvutano ndani. Kipashe mpaka sumaku iache kukamata na zaidi kidogo, kitoe, kining'inize hewani kivulini kipoe wenyewe mpaka weusi. Rudia mara tatu, kila mara moto upungue kidogo kuliko uliopita. Mara ya nne kipashe tena kisha kifukie ndani ya debe la majivu makavu ulale nacho hivyo mpaka asubuhi. Kitatoka laini, tupa itakula vizuri.

6. Tupa na matundu.

Funga kwenye jiliwa, toa magamba meusi, chonga mteremko wa makali pande zote mbili. Chora mstari katikati ya ukingo wa makali, usiuvuke. Bakisha makali na unene wa milimita 1.5. Ukiyafanya membamba kama wembe sasa hivi yatajikunja kama karatasi wakati wa kuchovya. Matundu ya mpini toboa SASA, mawili au matatu, ukishachovya drili haitoboi tena. Mistari mirefu ya tupa iondoe kwa msasa 120, kila mkwaruzo wa kukata bapa ni pahala ufa unapopenda kuanzia.

7. Kuchovya.

Fanya jioni, kiza kikianza kuingia. Mafuta yapashe mpaka nyuzi 50 au 60, yaani ukigusa nje ya chombo unaondosha mkono. Njia nyepesi ni kupasha kipande cha chuma kingine na kukitumbukiza humo. Mafuta yenye uvuguvugu ni mepesi, yanapoza haraka na kwa usawa kuliko ya baridi.

Mafuta ya kupikia yoyote yanafaa, ya nazi hata harufu yake haikeri. Oili chafu ya injini watu wanaitumia kwa sababu ni ya bure, moshi wake umejaa sumu, mie nakataza. Na maji usitumie. Utaona mafundi wengine wanachovya maji, wana miaka yao ya kujua wazamishe nini na watoe lini, lakini bapa jembamba la springi kwenye maji hupasuka. Kisu changu cha kwanza nilikichovya maji, nikasikia "ting", mlio mdogo tu, siku mbili za kazi zimekwisha.

Pasha bapa taratibu, upepo kidogo, ukilipeleka mbele na nyuma rangi iwe moja kutoka shina mpaka ncha. Ncha ni nyembamba inawahi, icheleweshe. Gusa sumaku. Ikiacha kukamata ni kama nyuzi 770, rudisha kidogo tena, nusu dakika hivi, iwe wekundu uliokolea unaoanza kuelekea uchungwa. Kisha moja kwa moja kwenye mafuta, ncha kwanza, wima, hatua isizidi moja kutoka jiko. Kisogeze mbele na nyuma kufuata makali, usikitikise ubavu kwa ubavu, kitapinda. Hesabu mpaka 15 ndio utoe.

Moto utawaka juu ya mafuta kidogo, ndio maana ya mfuniko. Ufunike, basi. Maji usimwage abadani. Wala usitumie ndoo ya plastiki, na watoto wawe mbali.

Kikipoa pitisha tupa kwenye makali kwa wepesi. Ikiteleza kama juu ya kioo, umefanikiwa. Ikikamata na kula, rudia hatua 5 na 7.

8. Kuoka.

Sasa kisu ni kigumu lakini kimekuwa kama gilasi, kikianguka sakafuni kinaweza kukatika vipande viwili. Usikiache mpaka kesho. Kisugue upande mmoja kwa msasa uone chuma cheupe, kitie kwenye oveni nyuzi 200, saa moja na nusu, kitoe kipoe, rudisha tena saa moja na nusu. Oveni nyingi za nyumbani zinadanganya, weka kipima joto ndani na tandika sinia la mchanga chini ya kisu.

Pale uliposugua patabadilika rangi, unachotaka ni manjano ya mkate wa kumimina ulioiva juu. Ikifika hudhurungi bado si vibaya kwa kisu cha kazi nzito. Zambarau na buluu kwenye makali maana yake umevuka, kisu kimelegea, unarudia kuchovya.

Kama huna oveni, pasha kipande kinene cha chuma kiwe chekundu, lalisha MGONGO wa kisu juu yake na uangalie rangi inavyopanda kuelekea kwenye makali, ikifika tu tumbukiza kwenye maji. Inafanya kazi ila inataka macho na utulivu.

9. Mpini.

Mbao kavu kabisa, mkwaju, mpera, msaji, vipande viwili kila upande kimoja. Mbichi itasinyaa na kuachana na chuma. Gundi ya epoksi ile ya kuchanganya, na vijiti vya shaba kwenye matundu, wanaotengeneza milango ya Mji Mkongwe huwa wanabakisha vipande. Bana usiku mzima. Chonga, piga msasa, paka mafuta ya linsidi mara tatu nne. Wakati wa kusugua mbao funga barakoa.

10. Kunoa.

Jiwe kwanza la kukwaruza kisha laini, maji yasikauke. Kwa bapa la upana wa sentimita 3 mgongo uinuke juu ya jiwe kama sentimita 1, hiyo ni nyuzi 20. Noa upande mmoja mpaka uhisi kwa dole gumba kijiukingo upande wa pili, ndio ugeuze. Maliza kwa kuvuta juu ya mkanda wa ngozi. Na ukitumia grenda wakati wowote baada ya hatua 8, shika bapa kwa vidole vitupu bila ya glavu, likikuunguza chovya maji, maana joto hilo hilo linaua ugumu uliouhangaikia.

Mambo yanapokwenda kombo

Kimepasuka kwenye mafuta. Moto ulizidi, au uliruka hatua ya kupumzisha, au springi ilikuwa na ufa wake. Vunja utizame ndani. Chembe kubwa za kumeta kama sukari, moto ulizidi. Ukiona sehemu nyeusi ya zamani ndani ya ufa, ulikuwepo kabla.

Kimepinda baada ya kuchovya. Ukikiwahi ndani ya sekunde chache kingali na moto, kinyooshe kwa mkono wenye glavu au kati ya mbao mbili. Kishapoa, usikilazimishe. Kibane pamoja na chuma kilichonyooka, weka kijikaratasi cha bati chini ya pale palipopinda ili kivuke kidogo upande wa pili, kipeleke hivyo hivyo kwenye oveni.

Tupa inakamata lakini nina hakika nilifuata kila kitu. Sugua ndani kidogo kwanza, ngozi ya juu hupoteza kaboni kwenye moto ikawa laini wakati chini yake ni ngumu. Ikiwa hata ndani inakula, ama moto haukufika ama mafuta yalikuwa machache yakachemka.

Makali yanameguka vipande vidogo vidogo. Ongeza nyuzi 15 kwenye oveni, rudia. Makali yanajikunja, kinyume chake, kiliokwa zaidi au hakikukaza tangu mwanzo.

Mpini unacheza baada ya mwezi. Mbao haikuwa kavu, au msuka ulikuwa na mafuta ulipopaka gundi. Osha kwa sabuni ya unga, kwaruza kwa msasa 80, ubandike upya.

Kutu siku mbili tu baada ya kumaliza. Hichi chuma kinaota kutu kwenye hewa yetu ya chumvi, hasa ukikaa Nungwi au Wete karibu na bahari. Mwambie anaekichukua: akimaliza kukatia ndimu au samaki akioshe pale pale, akikaushe kwa kitambaa, apake tone la mafuta ya nazi, na asikiweke ndani ya ala ya ngozi, ngozi inashika unyevu. Baada ya miezi kadhaa bapa litakuwa la kijivu cheusi, huko sio kuharibika, hiyo ni ngozi yake mpya. Kutu nyekundu ikitokea, jivu na kipande cha ndimu visugue, osha, kausha, paka mafuta.